Hivi mnaotuma gridi bila kusema ni mfumo gani wa koodineti, mnatuchukuliaje?

Wakuu, heshima kwenu. Leo nimekuja na hasira na sitaificha.

Jumatatu nilipokea zipu kutoka ofisi moja, siitaji, wenyewe wanajijua. Ndani mna gridi tano (ramani za vijiraba, kila kijiraba na namba yake) za kina cha maji ya mafuriko, bonde la chini la Rufiji. Kazi yenyewe ilikuwa fupi: nipandishe gridi, niweke juu yake nukta za shule na zahanati, nitoe orodha ya zile ambazo maji yanazifikia. Waliokuwa Rufiji na Kibiti Aprili 2024 wanajua kwa nini orodha hiyo inatafutwa. Leo Alhamisi, orodha haijatoka.

Nimefungua faili la kwanza kwa rasterio, maktaba ya Python ya kusomea gridi, nikauliza `src.crs` (mfumo wake wa koodineti, yaani namba zake zinaangukia wapi ardhini), jibu `None`, hakuna. Nikalifungua faili kama maandishi ya kawaida, nikakuta hivi:

ncols 1840
nrows 1265
xllcorner 452310
yllcorner 9098460
cellsize 30
NODATA_value -9999

Basi. Baada ya hapo ni tarakimu tupu mpaka mwisho. Mafaili ya .asc ndivyo yalivyo, mfumo wa koodineti hayana pa kuuandika. Unakaa kwenye faili dogo la .prj lenye jina lile lile, folda ile ile. Aliyefunga zipu amechukua .asc matano na .prj zote ameziacha kwake. Faili la mistari michache, siku nne zangu zimekwenda.

Sehemu fulani mtu unaweza kujitafutia. Kona ya gridi, 452310, haiwezi kuwa digrii, hizo ni mita. 9098460 inaonyesha ni UTM ya kusini (mfumo wa mita unaoigawa dunia kwa kanda za digrii 6 za longitudo), maana kusini ikweta hupewa 10,000,000 halafu namba inashuka kadiri unavyokwenda chini. Toa hapo, unapata kama kilomita 900 kusini ya ikweta, latitudo 8 na kidogo. Rufiji iko mashariki ya longitudo 36, kwa hiyo kanda ya 37. Mpaka hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi unaanzia kwenye datamu, yaani umbo la dunia na mahali vipimo vinapoanzia. Ni Arc 1960, yaani EPSG:21037 (EPSG ni namba za orodha ya mifumo ya koodineti), ambayo ramani zetu za zamani za 1:50,000 zimechorwa kwayo? Au ni WGS 84, EPSG:32737, ya GPS? Ukizitazama namba hazikwambii. Zote mbili zinafanana, zote zinaangukia Rufiji, na ramani inatoka nzuri tu. Tofauti yake ardhini ni kama mita 300. Kwa pikseli za mita 30 hizo ni pikseli kumi! Kuna shule ya msingi jirani na mto: nikiweka 21037 iko ndani ya maji ya mita 1.4, nikiweka 32737 ni kavu kabisa. Sasa mimi niandike nini kwenye orodha?

Nikapiga simu. Nikajibiwa, "Weka WGS 84 tu bosi, ni kitu kile kile."

Si kitu kile kile jamani! Mtu anayetengeneza ramani za mafuriko anasemaje hivyo?

Halafu kuna kijana kwenye timu yetu, ili skripti iache kulalamika, akaandika `rio.write_crs("EPSG:4326")`, mfumo wa latitudo na longitudo kwa digrii, juu ya gridi hiyo hiyo ya mita. Kosa likanyamaza. Kompyuta sasa inaamini kona ya gridi iko longitudo 452310, wakati dunia nzima inaishia 180. Akakata kwa mpaka wa wilaya, akaambiwa hakuna data ndani ya mpaka, akaanza kuulaumu mpaka. Nimemwambia na nawaambia wote mnaofanya hivi: `write_crs` inabandika lebo, haihamishi pikseli hata moja. Inayohamisha ni `rio.reproject`. Kwenye lugha ya R ni hivyo hivyo, `crs(r) <-` inabandika, `project()` inahamisha. Lebo inabandikwa pale tu unapojua kwa hakika data ilitengenezwa kwa mfumo gani. Huwezi kubandika ile unayoitamani.

Mwishowe gridi tatu nimezipata kwa jasho. Zinapita Daraja la Mkapa, na tuta la barabara ya kwenda Kilwa linaonekana ndani ya gridi kama mstari mkavu mwembamba katikati ya maji. Nikabandika 32737, nikaweka juu ya picha ya satelaiti: mstari mkavu uko shambani, mbali na lami. Nikabandika 21037, mstari ukalala juu ya barabara, mwanzo hadi mwisho. Arc 1960. Ningemsikiliza bwana wa simu, kila shule kwenye orodha ingepimwa maji ya mahali pengine.

Na msidhani ni .asc peke yake. Mvua za CHIRPS (makadirio ya mvua yanayotumia satelaiti) kwenye mafaili ya NetCDF nazo zimenila jana nusu siku. Zile ni latitudo na longitudo, hatua ya digrii 0.05, hapo 4326 naibandika bila wasiwasi. Lakini kuna NetCDF nyingine zina mfumo wake ndani kabisa, umewekwa kwenye variabo ya pembeni inayoitwa `crs`, na bado unaambiwa haupo. Ukifungua kwa xarray, maktaba nyingine ya Python, kawaida halafu ukachukua variabo ya mvua peke yake, ile ya pembeni inabaki nyuma. Fungua kwa `decode_coords="all"`, inakuja nayo. Hilo kosa ni letu wenyewe, nalisema wazi.

Na ukiona malalamiko ya `proj.db`, hifadhidata ambamo programu husoma mifumo ya koodineti, usiguse data yako. Angalia kwanza kama kuna programu nyingine, mara nyingi PostGIS, imeweka `PROJ_LIB`, mpangilio wa kompyuta unaosema hifadhidata hiyo iko wapi, inayoelekeza kwenye toleo la zamani.

Kwa mnaotuma: amri ni moja tu, `gdal_translate -a_srs EPSG:21037 kina.asc kina.tif`, mfumo unaingia ndani ya GeoTIFF na hauachwi nyuma tena. Kama hiyo ni kazi, andikeni kwenye baruapepe maneno mawili, "Arc 1960". Maneno mawili tu! Na kwa tunaopokea, wekeni kwenye skripti: `crs` ikiwa `None`, skripti isimame. Isijaze yenyewe.

Sasa nimebaki na gridi mbili za magharibi, upande wa juu wa mto. Huko hakuna daraja wala tuta, na mto umehama kingo kiasi kwamba picha ya satelaiti hainisaidii. Kudhani ni Arc 1960 kwa sababu zile tatu ni Arc 1960 sitaki, maana cellsize yake ni 25 na hizi nyingine ni 30, inaonekana zimetoka mkono mwingine. Mwenye nukta za upimaji za upande huo, au aliyewahi kushika gridi za mita 25 za bonde hilo, tafadhali aseme hapa hapa zilikuwa datamu gani.