Je, mwenye imani aweza kufurahi msibani kama afurahivyo siku ya kuzaliwa?

Mwana wa Pangani:
Ndugu zangu, Jumamosi iliyopita asubuhi nilimzika jirani, na alasiri nikahudhuria siku ya kuzaliwa ya mpwa wangu aliyetimiza miaka 7. Kote kuwili watu waliomba dua, wakala, wakacheka, lakini ajabu ni kwamba nilitoka matangani na moyo mwepesi kuliko nilivyotoka kwenye keki. Kitabu cha Mhubiri, sura ya 7, kinasema siku ya kufa ni bora kuliko siku ya kuzaliwa, na tangu utotoni nilidhani hayo ni maneno ya mzee aliyechoka; sasa sina hakika tena. Je, furaha ya namna hiyo ni imani, au ni ugumu wa moyo tu? (Nakiri kwamba pilau ya msibani nayo ilikuwa tamu kuliko ya sherehe.)

Mama wa Wanne:
Umeuliza jambo zito, kisha ukalifunika kwa sahani ya pilau. Nilipofiwa na mume wangu, siku ya pili tu nilikuwa nikikopa mchele dukani, na wale wale waliokuja kunipa pole niliwasikia wakisifia viungo. Mtume alipoletewa habari za kifo cha Jaafar bin Abi Talib aliagiza watu wa nyumba ya Jaafar wapikiwe chakula, kwa kuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Sisi tumelipindua agizo hilo, tukamfanya mfiwa kuwa mpishi.

Mtani Halisi:
Pole sana, mama. Hata hivyo usimtwike mleta mada deni la mchele wako. Mimi ni Mnyamwezi, na katika misiba ya watani wangu Wazaramo nimewahi kushuka kaburini na kukataa kutoka mpaka nilipwe, nikavaa kanzu ya marehemu na kuigiza kikohozi chake, na mjane ambaye hakuwa amekula tangu jana yake akacheka hadi akaomba chai. Kwetu hiyo ni ibada kamili.

Mnyoofu:
Kuigiza kikohozi cha maiti ni ibada ya dini ipi? Na hizo siku za kuzaliwa nazo zina historia mbaya: katika Biblia zinazoelezwa waziwazi ni mbili, ya Farao na ya Nebukadneza kama sikosei, na zote mbili ziliishia kwa mtu kuuawa.

Mwana wa Pangani:
Unakosea, ndugu. Wa pili ni Herode, na kilichomuua Yohana Mbatizaji ni kiapo cha mfalme aliyeona haya mbele ya wageni wake, wala si tarehe. Naomba turudi kwenye swali.

Msomaji wa Barza:
Mnyoofu ametaja Biblia, nami naongeza kwamba Mtume alipoulizwa kuhusu saumu ya Jumatatu alijibu kwamba ndiyo siku aliyozaliwa. Aliikumbuka siku yake kwa kushinda na njaa. Alipofiwa na mwanawe Ibrahim alilia mbele za watu, akasema jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, lakini hatusemi ila linalomridhisha Mola. Kwa hiyo sioni kwamba imani inamtaka mtu acheke makaburini, wala kwamba inamkataza.

Mnyoofu:
Bado sijajibiwa kuhusu kikohozi.

Mama wa Wanne:
Mtani, sijamtwika mtu deni. Nimesema tu nani alilipa. Ila nitamjibu mleta mada, kwa kuwa hakuna aliyemjibu. Siku yangu ya kuzaliwa iliangukia ndani ya eda, na katika miezi ile minne na siku kumi sikuvaa pambo wala kujipaka manukato. Jirani mmoja alikuja na sufuria ya wali na maharage, akanisimanga kwamba nimezeeka hata malaika wamesahau kuniandika, nikacheka na kulia kwa wakati mmoja. Sufuria ile ndiyo pekee ambayo sikuilipia mchele.

Mtani Halisi:
Jirani huyo alikuwa Mnyamwezi? Nauliza kwa sababu, kama ndivyo, sufuria hiyo bado inadaiwa.