Tupeane uzoefu: kuandika riwaya ya upelelezi ya mfululizo, yenye kasi na isiyovuja

#1
Wakuu, uzi huu ni wa wanaoandika mpelelezi mmoja kitabu baada ya kitabu, kama walivyokuwa wapelelezi wa riwaya zetu: Bwana Msa, Willy Gamba na Joram Kiango. Tuweke vitu vya kushika mkononi.

Naanza na kasi. Milio ya risasi pekee hailetei kitabu kasi. Kasi inaletwa na saa inayomfukuza mpelelezi, na saa hiyo ipo tayari kwenye sheria. Tanzania, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa polisi saa 4 za msingi kumhoji mtuhumiwa aliye chini ya ulinzi. Akitaka zaidi, afuate utaratibu wa kuongeza muda. Mtuhumiwa akiwekwa chini ya ulinzi saa 3 usiku, msomaji anajua kuna jambo saa 7. Hapo una sura tatu zinazokimbia zenyewe. Sura ya maneno 1,200 hadi 1,800 inatosha.

#2
Nachangia upande wa maiti, wengi huteleza hapo. Mwili haukakamai papo hapo. Kwa kawaida taya na shingo hutangulia, saa 2 hadi 4 baada ya kifo, mwili mzima hukaza baada ya saa 12 hivi, kisha hulegea tena. Joto huharakisha yote hayo. Ile kanuni ya nchi za baridi kwamba maiti hupoa karibu nyuzi 1 kwa saa haifai kwa chumba cha Buguruni mwezi Februari: hewa nyuzi 32, mwili 37, utapoa kwenda wapi? Daktari wa riwaya akitaja saa kamili ya kifo kwa kugusa paji la uso, msomaji muuguzi anafunga kitabu.

Dalili tamu kuliko zote ni damu kutuama. Moyo ukisimama, damu hushukia upande wa chini na kuacha madoa ya zambarau. Baada ya saa 8 hadi 12 hivi hayahami tena. Sasa maiti imekutwa kifudifudi, madoa yako mgongoni, na pale mabega yalipokandamizwa na sakafu ngozi imepauka. Kuna mtu aliigeuza saa nyingi baada ya kifo. Ila kwenye ngozi nyeusi madoa hayo yanataka mwanga mzuri, kwa hiyo mpe mpelelezi wako tochi.

#3
#2 umemaliza, mkuu. Mimi niseme simu. Kutupa laini hakumfichi muuaji. Simu yenyewe ina namba yake ya utambulisho, IMEI, tarakimu 15 (bonyeza *#06# uione); akitia laini mpya kwenye simu ileile, mtandao unaitambua. Na mnara wa simu hautaji chumba: mjini hukupa mitaa kadhaa, vijijini kilomita nyingi. Mpelelezi apewe eneo, halafu atembee kwa miguu.

Laini nazo zinasajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo eleza ya muuaji ilisajiliwa kwa kidole cha nani. Mwenye kidole anaweza kuwa mhusika wako bora: mama ntilie aliyekwenda kusajili laini yake, akaambiwa "mashine imekataa, weka tena," akaweka mara ya pili. Polisi wanamgongea mlango alfajiri kwa laini asiyoijua.

#4
Silaha, kwa kifupi: revolva haitemi maganda ya risasi, yanabaki kwenye silinda. Ukimpa muuaji revolva sura ya 1, usiokote maganda matatu sakafuni sura ya 4, labda uwe umeonyesha alisimama kupakia upya.

#5
Kinachoua mfululizo ni kukosa daftari. Andika humo umri wa mpelelezi, mkono anaotumia, makovu, silaha, gari, nani anajua siri ipi, nani kafa na alikufaje. Cheo kipande kwa ngazi: Mkaguzi Msaidizi, Mkaguzi, Mrakibu Msaidizi, Mrakibu. Akipigwa risasi ya bega mwishoni mwa kitabu cha 2, na cha 3 kikaanza wiki tatu baadaye, haruki ukuta.

Kalenda nayo. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria Dar hadi Morogoro Juni 2024. Kesi ya 2022 mhusika apande basi, na ule muda wa barabarani uuhesabu kwenye ushahidi wake wa kutokuwepo eneo la tukio.

Kesi ya kila kitabu ifungwe humohumo, ubaki uzi mmoja tu wa kuvuta kinachofuata. Na tafadhali, kitabu cha 3 kisimtaje muuaji wa cha 1. Wapo watakaoanzia katikati.

#6
Swali: muuaji aonekane lini?

#5
Nakujibu #6: robo ya kwanza, akiwa na kazi halali ya kufanya mbele ya msomaji: anashusha mizigo, anatoa risiti, anapima presha. Dalili inayomfunga iweke katikati ya orodha ya vitu vitatu au vinne, usiiache mwisho wa aya, jicho hutua pale. Halafu katiza hapohapo kwa tukio lingine.