Tupeane uzoefu: kafyu na korona ya 2020 zilikukuta kijiji gani, na mliishije?

Mgema wa Ganze: Jana nimemkuta mama watoto anawanyweshea kuku maji kwenye lile jerikeni la mfereji tulilopewa mwaka wa korona. Maandishi ya NAWA MIKONO bado yanasomeka. Nikacheka peke yangu, halafu nikakumbuka mambo yasiyo ya kucheka. Watu wa mjini wameshasimulia sana. Sisi wa vijijini je?

Naanza mimi. Ni mgema, Kilifi. Kafyu, ile amri ya kutotoka nje usiku, ilianza tarehe 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mnazi ukishaanza kugemwa hauachwi, unapandwa asubuhi na jioni pia. Sasa uko juu kileleni, jua limezama, chini gari la askari linapita. Nilikuwa nazima tochi nakaa kimya huko huko juu mpaka mngurumo upotee. Mangwe zote, yaani vilabu vya pombe ya mnazi, zimefungwa, tembo (hiyo pombe yenyewe) linajaa na mnywaji hayupo. Tukageuza siki. Kijiji kizima tukawa na siki, na saladi hatuli.

Mapenzi K: Siki ya mwaka ule mimi ninayo mpaka leo!

Nahodha Mkavu: Kwetu kando ya Watamu hoteli zilipofungwa hakuna aliyetaka kamba koche tena. Yule anayeliwa na Wazungu kwa maelfu, sisi tulimla na ugali. Siku za mwanzo watoto walifurahi. Baadaye mke wangu akaniuliza, "Baba Saidi, samaki wa kawaida utaleta lini?" Karabai, ile taa ya kuvulia usiku, nayo ikapumzika, maana kwenda bahari ya usiku ni kukamatwa ukirudi.

Mwana wa Vihiga: Sikutaka kuandika humu, lakini hiyo ya kujificha juu ya mnazi imenitoa.

Nilikuwa mpishi kwenye hoteli moja Nairobi. Mwezi wa tatu tukaambiwa nendeni nyumbani, tutawapigia simu. Hawajapiga mpaka leo. Aprili 6 ikatangazwa hakuna kuingia wala kutoka Nairobi. Kodi inanidai, kazi sina, na baba mdogo aliyenilea anaumwa presha kijijini. Malori ya chakula yalikuwa yanaruhusiwa. Nikaelewana na dereva wa lori la ndizi lililokuwa linarudi magharibi tupu, nikalala chini ya turubai kwenye majani makavu. Kila kizuizi nasikia askari wanauliza umebeba nini, na vumbi limenishika kooni. Nikauma shati ili nisikohoe. Mwaka ule kukohoa kulikuwa kosa la jinai.

Nikafika bomani saa nane usiku, nikagonga dirisha la mama. Hakufungua. Akauliza kwa sauti ya chini, "Umetoka Nairobi?" Nikasema ndiyo, mama. Akanyamaza sana. Kisha akasema, "Nenda isimba yako, kile kibanda chako cha ujana. Usiguse kuku, usiguse kamba ya ng'ombe, na kukicha usitoke." Mama yangu mzazi, jamani. Chakula alikuwa anakiweka juu ya gogo la mkaratusi, anarudi nyuma, ndipo mimi naenda kuchukua. Watoto wa kaka wakiniona wanatimua mbio, "Korona! Korona!" Hilo jina halijatoka. Sokoni Mbale, hapa hapa Vihiga, kuna mama wa nyanya ananiita hivyo hadi leo, na nyongeza ananipa.

Sasa subirini. Baba mdogo akafariki nikiwa bado nimetengwa. Amri ilikuwa mazishi ni watu 15, basi. Kwetu watu 15 ni wale wa kuchimba kaburi na kuchinja tu. Wazee wakakaa na karatasi: mjane, watoto, wachimbaji, mhubiri. Wakwe wakaachwa wakilia barabarani. Chifu akaja asubuhi mapema, akahesabu vichwa kama mtu anayehesabu mbuzi wa mnada. Mimi, ambaye marehemu ndiye aliyenisomesha, sikuandikwa. Nilisimama nyuma ya migomba nikaona jeneza linashuka. Hakuna wimbo ulioimbwa ukaisha. Saa nne watu walikuwa wameshatawanywa, maturubai hayakuwepo, chai haikuwepo, kukesha hakukuwepo. Mama alipita karibu na migomba. Alijua nipo. Hakugeuka.

Nekesa: Nimesoma nikiwa kwenye matatu, nimeshindwa kushuka. Pole sana kaka.

Sajini Mstaafu: Pole kwa msiba. Lakini tuseme ukweli, ulivunja sheria ukapeleka hatari kwa wazee. Watu wa aina yako ndio walioisambaza mashambani.

Mwana wa Vihiga: Mzee, nilikaa mbali na kila mtu. Soma tena.

Sajini Mstaafu: Nimesoma. Dereva je? Turniboi je?

Nekesa: Sajini, rungu za polisi kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, siku ile ya kwanza ya kafyu zilikuwa zinazuia korona gani? Watu walirundikwa pamoja, wakapigwa, wakavutishwa moshi wa machozi ili wakohoe vizuri. Tuache.

Sajini Mstaafu: Mimi sikuwa Likoni.

Dada wa Bukoba: Wakuu poleni. Sisi Tanzania hatukufungiwa ndani. Shule zilifungwa Machi zikafunguliwa Juni, tukaomba siku tatu, Aprili 17 hadi 19, tukapiga nyungu, yaani kujifukiza mvuke wa majani, maisha yakaendelea. Bibi yangu alichemsha mchaichai, majani ya mwarobaini na mkaratusi, akatufunika blanketi wajukuu wote kwa pamoja. Kukaa mbalimbali tuliambiwa, ila blanketi lilikuwa moja.

Mgema wa Ganze: 😂😂 Hapo korona ikiwemo mnaipata wote.

Kijana wa Taveta: Msijisifu. Takwimu zenu zilikomea wagonjwa 509 mwaka ule ule, baada ya hapo ni yale mapapai tu ambayo Magufuli alisema yamepimwa korona.

Dada wa Bukoba: Na nyie mlihesabu kila jioni kwenye runinga, mkahesabu mpaka waliolala njaa? Maji ya moto niliyachota mwenyewe, takwimu usinidai mimi. Na tulizika pia, usidhani hatukuzika. Tulikuwa tunaambiwa ni nimonia.

Kijana wa Taveta: Hapo umesema kweli. Nimenyamaza.

Mwalimu Bila Chaki: Nilikuwa shule ya kibinafsi. Mshahara ulikatika mwezi wa nne. Mnakumbuka ile shule ya Mwea iliyofuga kuku madarasani? Wengi walicheka, mimi nilitamani mwenye shule yetu angekuwa na akili hiyo, angalau tungeuza mayai. Vipindi vya masomo vilikuwa redioni, lakini boma letu lina redio moja na babu anataka matangazo ya vifo. Darasa la nne likishindana na vifo, vifo vinashinda. Wanafunzi wangu wawili wa darasa la nane hawakurudi Oktoba walipoitwa. Mmoja alikuwa ameshakuwa mama. Sitaki kuendelea hapo.

Okello wa Busia: Ng'ambo ya pili, Uganda, shule hazikufunguliwa zote mpaka Januari 2022. Bodaboda wakakatazwa abiria, mizigo tu. Dada yangu mjamzito alipelekwa kliniki na kikapu cha mihogo kichwani, eti anasindikiza mzigo.

Mama Duka: Kilichoniokoa ni kutuma pesa chini ya 1,000 bila makato. Mtu anatumiwa 3,000 vipande vipande, simu inalia kutwa. Ila daftari la madeni la mwaka ule nimelihifadhi, na baadhi yenu humu nawajua. Ushauri wangu: wekeni pesa kwenye simu.

Nahodha Mkavu: Weka mahindi ghalani. Simu hailiwi.

Mama Duka: Mahindi yanaliwa na dumuzi kabla yako.

Mgema wa Ganze: Weka siki 😂

Mapenzi K: Mimi nasema jirani mwema. Wa kwangu alinipigia ripoti kwa mzee wa nyumba kumi kwa sababu nilipiga chafya nikipepeta mchele. Hatujasalimiana bado, na ninamfurahia hivyo hivyo.

Kijana wa Taveta: Swali kwa wanaojua. Kaka yangu alikamatwa na kafyu akatupwa karantini kwenye bweni la shule, akatozwa 2,000 kwa siku, kabla serikali haijasema italipa yenyewe. Tuliuza mbuzi. Kuna aliyerudishiwa?

Sajini Mstaafu: Hakuna. Na mtu akikupigia akuambie utume 500 afuatilie hiyo faili, huyo ni tapeli.

Kijana wa Taveta: Ameshapiga. Mama ameshatuma.