Mama amelika gegedu la magoti: ale nini na aache nini?

Binti wa Kihonda:
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mama yangu ana miaka 61 na anaishi Morogoro. Baada ya kupigwa eksirei aliambiwa kwamba gegedu, yaani tishu laini inayokinga ncha za mifupa kwenye kiungo, limelika katika magoti yote mawili, akapewa vidonge vya maumivu na kutakiwa apunguze uzito, ila hakufafanuliwa aupunguzeje. Sasa anakunywa maji ya bamia kila asubuhi na supu ya kongoro kila jioni, kwa kuwa majirani wamemhakikishia kwamba hurudisha ute wa magoti. Hao hao wamemkataza dagaa na maharage, ambavyo ndivyo kitoweo chake cha kawaida. Naombeni mwongozo.

Mzee wa Lishe:
Marahaba, mwanangu, na mpe mama pole. Ute wa bamia na wa kongoro hauendi magotini; ukifika tumboni humeng'enywa kama chakula kingine chochote, na ute wa goti hutengenezwa na utando uliomo ndani ya kiungo chenyewe. Bamia aendelee kuila, kwa kuwa ni mboga nzuri. Supu ya kongoro yenye mafuta yanayoelea juu, tena kila jioni, itamwongezea uzito ule ule alioambiwa aupunguze.

Na uzito ndio kiini cha jambo hili. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005, uliowahusu wazee wanene wenye maradhi haya, ulionyesha kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua. Kwa hiyo mama mwenye kilo 90 akipungua kilo tano tu, polepole, atapata nafuu hata kama gegedu lililolika halirudi.

Anzeni na dumu la mafuta. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori 120 hivi, na mpishi anayemimina moja kwa moja sufuriani hujaza vijiko vinne au vitano bila kutambua, kisha juu yake kuna chai ya sukari na chapati. Apime mafuta kwa kijiko, nusu ya sahani iwe mchicha, matembele au kabichi, na ugali, ikiwezekana wa dona, usizidi robo. Robo iliyobaki ni ya samaki, mayai au maharage, kwani akipunguza uzito huku akikosa protini, misuli ya mapaja inayolishikilia goti nayo itapungua.

Mkaazi wa Mwanza:
Naongezea kuhusu dagaa. Katazo hilo ni la wagonjwa wa jongo, ambao viungo vyao huumizwa na chembe za asidi ya yuriki. Hao ndio wanaoshauriwa kupunguza dagaa, maini, nyama nyekundu na pombe. Kama daktari hajasema mama ana jongo, awale bila hofu, kwa sababu dagaa huliwa na mifupa yake, hivyo humpa protini na kalisi, madini ya kuimarisha mifupa, kwa pamoja. Waoshwe vizuri mchanga utoke, wakaangwe kidogo bila mafuta hadi wakauke, kisha waungwe kwa nyanya, kitunguu na limau.

Binti wa Kihonda:
Asanteni sana. Je, manjano yanafaa? Mama anatumia pia dawa za presha.

Muuguzi wa Zamu:
Manjano ya kiungo cha mboga hayana shida. Vidonge vya manjano yaliyokolezwa asivitumie kabla ya kumuuliza daktari, hasa kama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Ninachokiona kuwa muhimu zaidi ni vile vidonge vya maumivu: kama ni diklofenaki au ibuprofeni, vinaweza kupandisha presha, kudhuru figo na kuleta vidonda vya tumbo. Mpelekee daktari dawa zote mbili azione kwa pamoja, na mama asiendelee kujinunulia vingine dukani kabla ya hapo.