Nanunua magari ya kuchezea ku chaguwa, na mwenye kuuzisha hajue bei yake. Ni wizi?

Mwana_wa_Birere (Goma)
Jambo wote. Hii kitu inanikula kichwa tangu wiki mbili, muniache nieleze. Mimi ni mutu muzima, niko na bibi na batoto wawili, na napenda kukusanya magari madogo ya chuma, zile za kuchezea. Wakifungua balo ku soko Virunga naenda kuchimba ndani ya zile za vitu vya batoto, munazijua, midoli haina mikono, plastiki mingi, saa zingine kiatu kimoja bila mwenzake. Basi nikaokota bisi moja nyekundu ya London, ya ghorofa, nikaigeuza chini nikasoma: Matchbox Series, No. 5, Made in England by Lesney. Lesney, kampuni yenye ilikuwa inatengeneza magari ya Matchbox, ilianguka 1982, kwa hiyo gari yenye ile jina ni ya mbele ya pale, na hii tena iko na magurudumu ya zamani, si zile za kukimbia sana, Superfast, zenye walianza kuweka 1969 juu Hot Wheels, magari madogo ya Mattel ya Amerika, ilikuwa inawapiga vibaya ku soko.

Nikauliza bei. Mama akasema elfu moja, kiisha akauliza, ni ya mutoto? Nikasema ndiyo, ya mutoto. Akapunguza mpaka mia nane. Nikatoka pale mbio kama mwizi kweli. Muzungu mumoja wa Uingereza mwenye tunaandikianaka aliona picha, anataka kunipa pauni 25.

Na ingine iko kwangu ku nyumba. Kitinda mimba, miaka mine, anasimama mbele ya vitrini anahesabu magari kwa kidole ku kioo. Ziko 61. Hana ruhusa ya kugusa hata moja. Munasema aje?

Kabare_tu (Bukavu)
Soko ni soko ndugu yangu. Ule mama alinunua balo imefungwa, hajue ndani muna nini, siku ingine anakuta takataka tupu, nani anamurudishia franga zake? Hakuna. Basi siku bahati ikipita mbele yake bila yeye kuiona, ni vile. Na wewe ile akili ya kusoma chini ya gari uliipata bule? Ni miaka yako. Mimi ningemulipa na kulala usingizi.

Sina_Makuta
Magari 61, na kodi ya nyumba umelipa?

Yaya_Furaha (Goma, Kyeshero)
Mimi nauzisha chaguwa, si magari, nguo za batoto, basi muniache niseme. Kabare_tu, hapo ku balo unasema kweli, sisi wote tunacheza bahati, nilishafungua balo ya likelemba yangu yote nikakuta makoti ya baridi ya Ulaya peke yake, nikalia. Mutu akija kisha akapata faida mbele kwa kitu nilimuuzishia, simukasirikie, ni kazi yake.

Lakini wewe wa Birere, soma tena yenye uliandika mwenyewe. Mama aliuliza ni ya mutoto, na akapunguza JUU uliitika ni ya mutoto. Ile mia mbili hakukupa wewe, alimupa mutoto wako. Sisi ba mama wa soko tunafanyaka vile kila siku, tunaona mutu anatafutia mutoto kitu, roho inalegea, hata kama siku haijalipa. Ungenyamaza tu, ningekuwa upande wako. Uliongopa na jina la mutoto, na mutoto mwenyewe iko anaangalia bisi yake kupitia kioo. Mupe bisi yake.

Kamalondo_83 (Lubumbashi)
Yaya Furaha amesema vizuri ila hapo mwisho niko na woga kidogo. Rangi za magari ya zamani zinaweza kuwa na risasi ndani, ile sumu ya plombu. Mattel 2007 ilirudisha mamilioni ya vitu vya kuchezea, na zingine shida yake ilikuwa rangi ya risasi, na ile ni 2007 watu wako na labo na kila kitu, sembuse bisi ya miaka ya 60 yenye rangi inabanduka. Mutoto wa miaka mine bado anaweka vitu mu kinywa. Muache aangalie.

Kitu inanichekesha ni ingine. Munajua ile Matchbox, kwa Kingereza ni bwati ya kiberiti, ilianza aje? Jack Odell, mumoja wa benye Lesney, mutoto wake mwanamuke alikuwa anasoma fasi hawaruhusu kuleta kitu cha kuchezea chenye hakiingie ndani ya bwati ya kiberiti. Baba akamutengenezea mashine ndogo ya kushindilia barabara, inaingia sawa sawa. Ni pale njo magari ya 1953 yalitokea. Yaani ilitengenezwa itembee ndani ya mufuko wa mutoto, na sisi wazee tunaifungia vitrini na ufunguo.

Huku kwetu tulikuwa tunapinda waya, magurudumu tunakata ndani ya kambambili, usukani muti murefu, tunasukuma mpaka jioni. Hakuna hata moja ilibaki. Saa zingine natamani ningeweka moja, basi siwezi kukuhukumu sana.

Mwana_wa_Birere (Goma)
Aksanti wote. Yaya Furaha umenipiga kabisa, sikulala. Juzi nikarudia ku soko, nikamuonyesha mama picha na bei mu simu, nikamupa elfu kumi.

Alicheka mpaka akakaa juu ya balo. Kumbe alijua! Anasema, mutu gani anatafutia mutoto gari anaanza kusoma chini yake? Na ile elfu moja ilikuwa ya kunijaribu, wengine anawaachia mia tatu. Elfu kumi alichukua, asiwadanganye mutu. Sasa kila kitu cha chuma ananiwekea pembeni kwa elfu tano, hata ile imeandikwa Made in China na milango imeanguka, na nikikataa ananiuliza, leo si ya mutoto?

Bisi muzungu hataipata. Imebaki ku vitrini mpaka kijana akue kidogo, nimeandika jina lake kwa karatasi chini yake. Na Kamalondo_83, waya tulipata kwa fundi wa jirani, sasa tuko tunakata magurudumu ndani ya kambambili ya mama yake. Bado hajajua.