Mada: DBS (ukaguzi wa rekodi ya jinai wa hapa Uingereza) ya mchoraji wetu, na karatasi za watoto

Mama Mapacha, Luton (Jumamosi, saa 3 usiku)

Asalaam aleikum na Bwana asifiwe, kila mtu achukue yake.

Nimekwama jamani. Mnalijua darasa letu la Kiswahili la Jumamosi, watoto wa miaka 7 hadi 11. Muhula huu tumeweka mashairi kando tukaingia kwenye katuni, kwa sababu ya wale vijana wanaozungukazunguka stesheni wakitafuta vitoto vya kutuma kubeba dawa za kulevya. Kuna kijana wetu aliyekuja kutoka Mombasa mwaka jana, mkono wake mashallah, katuchorea kurasa nne. Tito, miaka 9, kasimama nje ya duka la chipsi. Kaka mkubwa anamnunulia kuku. Ukurasa wa pili anampa raba mpya. Wa tatu anampa kifurushi apande nacho treni, njiani anaporwa. Wa nne kaka anamwambia: sasa nakudai. Ukitazama vizuri, mmoja wa waporaji amevaa viatu vile vile vya yule kaka, na watoto waliligundua hilo kabla yangu. Picha ya mwisho Tito yuko jikoni, mama anasonga ugali, kiputo cha maneno hakina kitu. Mtoto anajaza mwenyewe.

Sasa wenye ukumbi wametusimamisha. Wanataka DBS ya enhanced, ile ya kina, ya mchoraji pamoja na cheti cha polisi cha kwao Kenya, na karatasi za katuni walizojaza watoto wamezichukua. Mchoraji haachwi na watoto hata dakika moja, mimi nipo. Je, ni lazima enhanced au basic, ile ya msingi, inatosha? Na karatasi nazidaije?

Mjomba, Reading

Enhanced hajiombei mwenyewe, darasa lenu ndilo limwombee. Basic ndiyo anajiombea. Wa kujitolea DBS hawamtozi, ila hao wa kupitishia fomu wanakukata chao. Mimi nilipotaka kusaidia timu ya mpira ya wanangu waliniambia niandike anwani zote za miaka 5. Nilikuwa nimehama mara 7! Nyumba moja ilikuwa chumba juu ya kinyozi, barua zote alikuwa akipokea yeye, na alikuwa hanipendi.

Binti Tanga, Leeds

Mjomba shikamoo, lakini hujajibu alichoulizwa. Wanaangalia mtu anafanya nini na mara ngapi. Mara moja kwa wiki au zaidi, au siku 4 ndani ya siku 30, tena bila kusimamiwa, hapo ndipo inapoanza habari ya orodha ya waliozuiwa kufanya kazi na watoto. Yeye anasema anasimamiwa.

Mjomba, Reading

Marahaba. Nimefanya kazi ya kulea wazee miaka 11, usinifundishe DBS.

Msee, Croydon

Hiyo Good Conduct, cheti cha polisi cha Kenya, mwambieni aanze sasa, asingoje. Anaomba kwa eCitizen, tovuti ya serikali, alafu fomu ya C24 ya alama za vidole inaenda DCI, wapelelezi wa polisi. Mimi wakati huo nilikuwa naosha vyombo hotelini, ngozi ya vidole imeisha kabisa, wino ukashika kama madoa ya mchuzi. Nikarudia mara tatu.

Lakini idea ya katuni iko sawa. Nairobi katuni ya Shujaaz imekuwa tangu 2010, ilikuwa inapatikana bure ndani ya gazeti na kwa vibanda vya M-Pesa. Na ni Sheng, ndiyo maana ilishika. Kiswahili cha madrasa hakimwokoi mtoto wa Croydon.

Binti Tanga, Leeds

Shujaaz ni ya vijana wakubwa, kaka. Hapa tunazungumzia mtoto wa miaka 7 ambaye bado analala na taa.

Mzee Makadara, Leicester

Wanangu, mmenikumbusha mbali. Marehemu baba akirudi na Taifa Leo tulikuwa tukigombania ukurasa wa katuni ya Juha Kalulu, mpaka gazeti linapasuka. Kesho yake linafungiwa mahamri na mafuta yanamfuta Juha uso. Leo wajukuu zangu wana simu tatu na hawacheki.

Ushauri wangu: wapelekeni kwa bibi zao Mombasa miaka miwili. Watanyooka.

Msee, Croydon

Mzee wangu heshima, lakini Mombasa gani? Kisauni vitoto vinatembea na visu mchana. Na Dar wana magenge ya Panya Road. Bibi atawanyoosha wangapi?

Mzee Makadara, Leicester

Kisauni si Mombasa yote. Nyinyi wa bara mkisikia jambo moja mnaupaka mji mzima.

Binti Tanga, Leeds

Tukirudi kwa Tito. Ana miaka 9, hashtakiwi. Akitimiza 10 hapa England anaweza kushtakiwa. Ndiyo maana ni vizuri mwalimu aijue ile sheria ya 2015 ya utumwa wa kisasa na NRM, utaratibu wa serikali wa kuwatambua na kuwasaidia waathirika wake. Mtoto aliyetumwa kubeba ni wa kulindwa, lakini lazima mtu aseme.

Shangazi, Cardiff

Mama Mapacha, mimi nauliza kitu kingine. Kwa nini wachukue karatasi? Watoto waliandika nini kwenye kile kiputo?

Mama Mapacha, Luton (Jumapili, saa 5 usiku)

Nilitaka kuliruka hilo. Watoto 12. Saba waliandika "Mama atanichapa" au maneno ya namna hiyo. Mmoja aliandika "Tukisema tutarudishwa", na familia ile ina vibali vyake vyote vya kuishi hapa, sijui kalisikia wapi. Afisa wa ulinzi wa watoto alipitisha simu juu ya kila karatasi, ikamtafsiria pale pale mbele yangu.

Kulwa wangu aliandika "Hakuna kitu, mama." Kwa kalamu ya kijani, na kisha akamchorea Tito tabasamu juu ya mdomo uliokuwa umeshachorwa.

Papa Bukavu, Glasgow

Bandugu, huku kwetu Scotland kuchapa mutoto kulikatazwa tangu 2020. Mama, tafuta mwanasheria mbele ya kujibu barua yoyote.

Shangazi, Cardiff

Wales 2022. England bado mzazi anaweza kujitetea kwamba adhabu ilikuwa ya kiasi. Lakini pole sana mdogo wangu. Nitakupigia.

Mjomba, Reading

Haya yote ni kwa sababu hatuna mtu wa kutusemea. Wakenya 2022 walipiga kura ya rais hapa hapa London. Sisi Watanzania hata uraia pacha wenyewe ni hadithi.

Msee, Croydon

Tulipiga. Na ilisaidia nini?

Mama Mapacha, Luton

Asanteni wote. Basi niende na basic, au enhanced?

Jirani, Northampton

Samahani kuwakatiza. Kuna anayekwenda Mombasa mwezi huu? Nina kifurushi kidogo tu, hakifiki kilo moja.