Tishu ya maua imekunjamana kwenye kisanduku cha mbao, nisaidieni

Mama Waridi, Tanga
Habari za jioni ndugu zangu. Nimeanza kujifunza dekupaji, ile kazi ya kubandika picha za karatasi juu ya mbao na kuzipaka vanishi mpaka zionekane kama zimechorwa palepale. Seremala wa mtaani amenitengenezea visanduku viwili vya paini. Kimoja ni zawadi ya mdogo wangu anayeolewa mwezi ujao, aweke udi wake.

Cha kwanza kimeniliza. Nilikata tishu za mezani zenye waridi, nikachanganya gundi nyeupe na maji nusu kwa nusu, nikabandika. Ikakunjamana, pengine ikachanika, na maua yamefifia hadi mistari ya mbao inaonekana. Nikapaka gundi tena juu, nikafunga kifuniko. Asubuhi hakifunguki, na nilipokivuta karatasi ikabanduka. Cha pili naogopa kukigusa.

Bi Mkasi
Pole mwanangu. Je, uliichambua hiyo tishu? Ina tabaka mbili au tatu, na lenye picha ni la juu peke yake. Yale meupe toa yote, maana gundi hushika la chini, la picha likabaki linaelea. Likikataa kuachana, gusisha selotepu pembeni uvute taratibu.

Maua kufifia ni kwa sababu tishu ikilowa huonyesha kilicho chini yake. Piga msasa namba 120, malizia na 240, futa vumbi, kisha paka rangi nyeupe ya maji mara mbili.

Na maji yako yalizidi. Mimi natumia pasi: paka gundi nzito kwenye mbao, iache ikauke kabisa, tandaza tishu kavu, funika na karatasi ya kuokea keki, pitisha pasi ya moto wa wastani isiyo na mvuke. Gundi inayeyuka na kuishika tishu bila tone la maji. Tangu nijue njia hii sijarudi kwenye brashi.

Fundi Randa
Dada, kwenye paini angalia yale macho ya mbao. Utomvu wake hupenya rangi nyeupe ukaacha madoa ya manjano, kwa hiyo yazibe kwanza kwa sheleki (shellac), ile vanishi ya spiriti inayozuia utomvu.

Kifuniko kimeganda kwa sababu gundi nyeupe hata ikikauka hulainika kwa unyevu, na hewa ya Tanga unaijua. Juu paka vanishi ya maji, mikono mitatu myembamba. Ya mafuta hugeuka njano, waridi zako zitachakaa. Pale kifuniko kinapokutana na kisanduku kata karatasi kwa wembe, uache wazi siku kadhaa.

Kaka Steshenari
Ukitaka picha ya familia, piga fotokopi ya rangi. Ya printa ya wino wa maji itachuruzika.

Mama Waridi, Tanga
Asanteni sana. Nimejaribu pasi kwenye kipande cha ubao, imekaa bila mkunjo hata mmoja! Swali la mwisho: ndani nipake vanishi pia?

Bi Mkasi
Hapana mwanangu, ndani acha mbao tupu. Harufu ya vanishi itaingia kwenye udi wa bibi harusi.